Gata Iliyosubiri Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini Kibiti, katika ofisi ya kukarabati majengo ya serikali, Fundi Mkuu alinipeleka Mtawanya, kwenye nyumba ya mwalimu iliyopasuka ukuta. Nilitaka tubomoe papo hapo. Yeye akabandika kipande cha lipu juu ya ufa, akakiita shahidi. "Tukirudi tukikuta kimekatika, ukuta unatembea, hiyo ni dharura. Kikiwa kizima, kazi ingoje zamu. Acha pupa, kijana."

Ndivyo tulivyogawa kazi: kinachoweza kuua, leo; kinachooza, wiki hii; kinachoudhi tu, zamu. Nyaya zilizochubuka na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zilikuwa za leo. Gata, ule mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye tangi, siku zote ilikuwa ya zamu. Nilihamishiwa Ngarambe, nikarudi Kibiti nikiwa mkuu wa mafundi, na kanuni ile sikuigusa.

Masika moja Bi Zuhura, mhudumu wa zahanati ya bondeni, alinipigia simu.

"Fundi, gata imeng'oka."

"Paa linavuja?"

"Halivuji."

"Basi vuta subira, mama. Gata haijaua mtu."

"Ah! Na sisi tunywe nini, soda?"

Tulicheka wote wawili. Nikampangia baada ya Idi.

Mimi ni mzaliwa wa Rufiji. Nilijua tangi likikauka watu huenda mtoni, na mtoni kuna mamba. Nilijua, ila pale ofisini nilikuwa nafikiria bati. Idi haijafika, mamba akamkamata Bi Zuhura akiwachotea maji wajawazito. Wavuvi walimwokoa, lakini mkono wa kulia ulikatwa hospitali.

Siku hiyohiyo nilikwenda kuirudisha gata. Ilitaka misumari michache na kipande cha waya. Vyote vilikuwa garini muda wote.

Sasa nimestaafu. Mvua ikianza sikaliki, nazunguka nyumba, nakagua hata paa la jirani, mpaka mke wangu anasema, "Baba Mwanahawa, keti, unatutia kizunguzungu." Vijana wa ofisini wakija kuniuliza, nawaambia wasitazame kilichovunjika tu. Waulize pia, kikivunjika, watu wanakwenda wapi.

Kwa Bi Zuhura nilikusudia kwenda mara nyingi, nikawa nageuka njiani. Juzi nilifika. Nilipoanza kuomba radhi akanikatiza, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji.

"Wala sikuombi samahani kwa kukupa kwa mkono wa kushoto, fundi. Ndio ulionibakia."

Nilikipokea kwa mikono miwili.