Kabichi Mbichi Kwenye Sahani ya Mpishi

Wafanyakazi walimwita Mama Ukoko, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro, huo ukiwa mwaka wake wa kumi na tisa. Kila mchana, wali ukishaisha kwenye sufuria kubwa, aliukwangua ukoko na kuugawa kwa waliokuwa wanamsubiri mlangoni. Watu wazima na ndevu zao wanagombea ukoko! "Haya, shikeni, mafisi nyie!" alikuwa akiwaambia, nao wanacheka, wanamwita mama yetu. Yeye akaamini kwamba ni mama yao kweli.

Sasa, kantini ile ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Mpishi ndiye anayekula wa kwanza, tena mbele za watu. Ilianza kabla yake, enzi za mpishi aliyewapa watu maharage yaliyochacha. Wakalazwa arobaini na mpakiaji mmoja akafa. Tangu hapo, saa saba kasorobo, mpishi anatoka jikoni na sahani iliyojaa, anakaa kwenye meza ndogo iliyo mbele ya dirisha la kugawia, anakula mpaka amalize. Akishajifuta mdomo na kugonga upawa juu ya meza, foleni inasogea. Asipogonga, hakuna mguu unaoinuka. Mama Ukoko alikula sahani hiyo akiwa na mimba, akiwa na jino limemvimba shavu zima, na siku ya pili baada ya kumzika mama yake. Hakukosa hata mara moja.

Shida ilianzia mguuni. Nyayo zilikuwa zinawaka moto kama mtu aliyekanyaga makaa, na macho yanamletea ukungu. Muuguzi wa zahanati akampima damu, akaangalia kile kimashine, akaangalia tena.

"Mama, una sukari. Tena si ya jana wala juzi."

Akapewa vidonge na maneno: punguza wali, punguza mikate, kula mboga kwa wingi. Akarudi nyumbani amenywea. Mama yake mzazi aliondoka duniani na mguu mmoja kwa ugonjwa huohuo, na yeye ndiye aliyekuwa anamfunga vidonda. Hakuhitaji kuhadithiwa.

Binti yake, aliyekuwa anasoma ualimu na kulipiwa kila kitu na hiyo kantini, ndiye aliyemwonyesha kwenye simu mwanamume mmoja mwenye meno meupe, anafundisha watu kula vyakula vibichi. Hakuna kupika, hakuna moto, eti moto unaua chakula.

"Makubwa haya!" Mama Ukoko akashika kiuno. "Mpishi nisile cha moto? Si bora nife kabisa!"

"Msikilize kwanza, mama. Anasema sukari inashuka."

Akasikiliza. Yule bwana akataja lozi, parachichi mbili kwa siku, mafuta ya zeituni na mashine ya kusagia matunda. Mama Ukoko akacheka mpaka akakohoa. "Lozi! Huyu baba anajua ninakokaa? Mwambie mashine yangu ni meno haya, na mawili yameshang'oka."

Lakini woga ni mwalimu mkali. Akaanza Jumatatu, kwa namna yake ya kimaskini. Jioni akitoka kazini alipitia sokoni wakati wauzaji wanafunga, akachukua kabichi zilizopasuka, karoti zilizovunjika na matango yaliyojikunja ambayo hakuna aliyeyataka. Karanga akaziloweka. Choroko akazifunga kwenye kitambaa chenye maji na kuziweka chini ya kitanda mpaka zikachipua mikia. Binti akalalamika kwamba chumba kinanuka kama shamba lililofurika.

"Mama, umekuwa sungura."

"Sungura ana miguu minne, mwanangu. Mimi nataka kubaki na miwili yangu."

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso matupu. Tumbo lilimjaa gesi hata akaogopa kuinama mbele za watu. Taya zilimuuma kwa kutafuna. Na fikiria mtu huyo anasimama kutwa nzima juu ya sufuria tatu, vitunguu vinakaangika, harufu inamwingia mpaka kwenye mifupa, na yeye hana ruhusa ya kulamba hata mwiko. Maana yule mwenye meno alikuwa ameapa kwamba kijiko kimoja cha kilichopikwa kinaharibu kazi ya wiki nzima. Mama Ukoko hakuwa mtu wa nusunusu. Akishasema ndiyo, ni ndiyo. Kuonja chumvi akamwachia msaidizi wake, mwanamke mwenye maneno ya haraka waliyemwita Kibiriti.

Na ile sahani ya kwanza je?

Hapo ndipo alipokosea, na mimi sitamtetea. Angewaambia tu: jamani, mama yenu anaumwa, daktari kanikataza wali, sahani ya kwanza ale Kibiriti. Mambo yangeisha. Lakini aliogopa. Mwaka uliotangulia mwosha vyombo alikohoa mara tatu mbele ya msimamizi wa kantini, akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka apone. Mpaka leo anapumzika. Mpishi anatakiwa awe na cheti cha afya ukutani, na cheti chake kilitolewa kabla ya ile habari ya sukari. Akisema anaumwa, kazi hana. Kazi hana, ada ya binti hakuna. Akanyamaza. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwa na kantini ya kulinda.

Basi akabuni ujanja. Asubuhi alikatakata kabichi mbichi nyembamba kama nyuzi, akachanganya na karoti na choroko zake, akajaza sahani, akaimwagia juu mchuzi kidogo wa maharage kwa ajili ya rangi. Ukiangalia ukiwa kwenye foleni, ungesema ni kabichi na maharage ya leo juu ya wali. Alikula kwa kuchimba pembeni, pale ambapo mchuzi haujafika, na palipolowa alipafunika kwa kitambaa cha kujifutia mdomo. Ukumbini kulikuwa na feni nne kuukuu zinazonguruma, na nyuma ya ukuta mashine za kukata sponji zinapiga kelele kutwa. Nani angesikia?

Wiki tano alikula hivyo. Na niseme ukweli, dawa ilifanya kazi. Nyayo zikapoa. Ukungu ukatoka machoni. Alipokwenda kupimwa, muuguzi akatabasamu: "Chochote unachofanya, mama, endelea nacho hivyohivyo." Alirudi nyumbani anaimba. Binti alimkuta anacheza peke yake jikoni, mkononi ameshika karoti.

Alhamisi ya wiki ya sita umeme ukakatika.

Ulikatika saa saba kasorobo kamili, yeye akiwa mezani, kijiko kimeshaingia mdomoni. Feni zikazunguka polepole, zikasimama. Mashine zikanyamaza. Watu mia mbili kwenye foleni wakatulia kidogo, kama watu wanavyotulia umeme ukikatika. Na katika kimya hicho ukasikika mdomo wa Mama Ukoko: karu, karu, karu.

Maharage hayasemi karu. Wali hausemi karu. Kila mtu pale analijua hilo.

Aliyekuwa mbele kwenye foleni ni fundi wa mitambo, mzee aliyekuwa anakula chakula cha Mama Ukoko tangu siku ya kwanza mama huyo alipoajiriwa. Alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, Mama Ukoko ndiye aliyekuwa anampelekea uji hospitali, wiki mbili, kwa miguu. Mzee akatoka kwenye foleni, akaja mpaka mezani, akainama juu ya sahani.

"Dada," akasema, "hiki sicho tunachokula sisi."

"Ni kabichi tu, kaka yangu."

"Ni mbichi. Na hizi nini, zina mikia?" Akachukua kijiko, akafukua chini. Hakukuta punje ya wali. "Tangu lini una sahani yako?"

Mama Ukoko akaivuta sahani kwake, akaifunika kwa kiganja. Na Kibiriti, ambaye kwa kweli hakuwa na nia mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango, akasema kutoka dirishani, "Mbona mama haonji siku hizi? Hata chumvi naonja mimi."

Kwisha. Maneno yale yalipita kwenye foleni kama moto kwenye nyasi kavu. Haonji! Ana sahani yake! Mmoja akakumbuka kwamba Jumanne aliharisha. Mwingine akakumbuka kwamba mwenzake alitapika, ingawa kila mtu anajua yule hutapika kila baada ya sikukuu. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja, na siku hiyo lilikuja mbio. Wakatoka nje wote. Wali ukamwagwa.

Msimamizi wa kantini, kijana wa umri wa mwanawe, akamwita ofisini na kufunga mlango.

"Mama, chagua moja. Ama chakula kina kitu, ama wewe una kitu."

"Chakula changu hakina kitu!" Hapo sauti ikamtoka. "Miaka kumi na tisa, mwanangu. Kuna aliyewahi kuumwa hata tumbo?"

"Basi wewe una nini?"

Akasema. Sukari. Mguu wa mama yake. Karoti na choroko. Alipomaliza alikuwa analia, na alijichukia kwa kulia mbele ya mtoto.

Msimamizi akapumua. "Ungeniambia mapema ningekusaidia," akasema, na labda alikuwa anasema kweli, labda sivyo. Maneno hayo ni rahisi sana baada ya mambo kuharibika. "Sasa hivi kuna kampuni inayopika nje na kuleta chakula kwenye makontena. Wenye kiwanda wameipenda. Nimewaomba siku moja. Kesho utakula sahani ya kwanza, iliyojaa, na atakayekupakulia ni mwingine. Foleni ikisogea, utabaki, na huo ugonjwa wako tutajua la kufanya. Isiposogea, mama yangu, mimi sina ujanja."

Siku ya pili alifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Akachagua mchele punje kwa punje. Maharage aliyachemsha kwa subira, akayaunga kwa vitunguu na nyanya, akamenya vitunguu saumu ambavyo kantini haikuwa inanunua; alikuja navyo kutoka nyumbani. Kibiriti alikuwa anazungukazunguka, anafuta machozi kwa kanga, anaomba msamaha kila dakika tano.

"Wewe koroga," Mama Ukoko akamwambia. "Kulia hakuivishi wali."

Na wali ukaiva, jamani. Ukaiva ule wa punje kuachana. Harufu ilitoka jikoni ikaenda mpaka kwenye mashine, na yeye mwenyewe akasema moyoni, hakuna binadamu mwenye pua atakayeikataa hii.

Saa saba kasorobo walikuwepo wote, wamejipanga ukutani, hakuna aliyeingia kwenye foleni. Mfanyakazi mmoja wa stoo akaitwa apakue. Akachota sufuria hii, akachota ile, akajaza sahani mpaka ikawa mlima. Mama Ukoko akakaa. Alijua sahani ile itamfanya nini kwenye damu. Alikuwa ameambiwa na muuguzi kwa namba. Akala. Alikula bila haraka na bila kuinua macho, kijiko baada ya kijiko, na ule utamu wa wali alioukosa wiki sita ulimjaa mdomoni mpaka akaona aibu kuufurahia. Feni zilikuwa zinanguruma. Akafuta sahani kwa kidole, akalamba kidole. Akajifuta mdomo. Akagonga upawa juu ya meza.

Hakuna aliyesogea.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Mtu mmoja akakohoa. Wanawake wa kushona makava ya magodoro, ambao wawili kati yao waliwapa watoto wao jina lake halisi, wakatazama viatu vyao.

Halafu yule fundi wa mitambo akajitoa ukutani na kuanza kutembea. Mama Ukoko alijua kwamba akisogea huyu, wote watasogea. Mzee akaja taratibu, akapita pale foleni inapoanzia, akaja mpaka mezani, akavua kofia.

"Usinielewe vibaya, dada," akasema kwa sauti ya chini, kwa upole kabisa. "Mimi nina wajukuu wanaonitegemea."

Akavaa kofia, akatoka nje kununua mkate. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kelele wala matusi, na kila aliyepita karibu na meza alimwamkia kwa heshima. Shikamoo, mama. Shikamoo, mama. Naye akaitikia zote, marahaba, marahaba, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na simu sikioni, anaongea na watu wa makontena.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Kibiriti akatoa kichwa dirishani.

"Mama, niwapakulie walinzi? Au nizime jiko?"

"Zima tu, mwanangu," Mama Ukoko akasema. "Mimi nimeshiba."