Nilivyomzika Mama Neema Akiwa Hai

Jamani, aibu nyingine mtu huimeza akalala, lakini hii yangu imekataa kushuka kooni, kwa hiyo nawasimulia, nanyi mkitaka kucheka chekeni.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa sayansi ya data hapa Johannesburg (shahada ya kwanza hisabati, Dar es Salaam, ya pili takwimu, sasa nafundisha kompyuta kutambua sura za watu), na nje ya masomo napenda mambo mawili tu, kupiga picha na kula. Yote mawili niliyapata kwa Mama Aline, msusi Mkongo, jirani yangu kule Berea, aliyenipikia sombe, kisamvu cha kwao, bila kuniuliza kama nina njaa, nami nikawa mpiga picha wa kanisa lao.

Alipofariki, mdogo wake, Mama Neema, waliyefanana kama mapacha, akaniomba nichague picha za marehemu za kuonyesha kanisani. Mwili ulikuwa unasafirishwa Bukavu, jeneza limeshafungwa, kwa hiyo hapo ndipo wengi wangemwona mara ya mwisho. Nilifungua picha ya kwanza, anacheka, chanuo mkononi, nikashindwa. Nikaona bora kompyuta inichagulie (si ndiyo niliyosomea?), na ilipomaliza sikukagua hata moja.

Kwaya ikaanza, picha zikapita, mara ukutani akatokea mwanamke wa kitenge cha njano, chini yake "Pumzika kwa amani", na mwanamke huyo alikuwa amekaa mstari wa mbele, mzima, anajitazama. Mama Neema. Nikabonyeza, akaja yeye tena, anakata keki ya harusi. Nikabonyeza tena, yeye, amebeba mjukuu. Mchungaji akaninong'oneza, "Zima, ndugu yangu, zima," nami kwa kihoro nikang'oa waya wa spika, sauti ya kwaya ikakatika, picha ikabaki palepale.

Mama Neema akaja, akanishika mkono. Hakugomba.

"Mwana, kila siku ya Mungu ulikuwa unakula kwa yaya," akasema (yaya kwao ni dada mkubwa). "Hata sura yake haujue?"

Nilitaka kumwambia naijua, ndiyo maana niliogopa kuitazama. Nikabaki nalia tu, na jeneza likatolewa.

Baadaye picha za marehemu nilizifungua zote, moja moja, nikazichapisha, nikampelekea Mama Neema. Alizipokea mlangoni, akashukuru, akafunga. Tangu hapo nimeapa, nikifiwa tena nitatazama kwa macho yangu haya, hata yakivimba.