Mama Specioza wa Ngulyati na Mikono Yake Michungu

Alizaliwa Ngulyati, jirani na Bariadi, mwaka 1931, mtoto wa nne wa mzee Mahona, mfugaji ambaye hakuwa Mkristo wala hakumzuia binti yake kuwa Mkristo. Alibatizwa akiwa na miaka kumi na saba, akaitwa Specioza. Aliolewa, hakujaliwa mtoto, na mumewe akafariki mapema. Wito wake ulimjia mwaka 1958, siku mtoto wa jirani alipoangukia chungu cha uji uliokuwa ukichemka. Specioza alimmwagia maji ya mtungi mpaka yakaisha, kisha akakimbilia kwenye kichuguu kilichoota shubiri mwitu. Alikata majani, akaacha utomvu wa njano uchuruzike kwanza, ndipo akampaka ule ute mweupe wa ndani. Mtoto akapona. Hapo akaweka nadhiri kwamba aliyeungua hatarudishwa mlangoni pake, wala hatatozwa kitu.

Nadhiri hiyo ilimgharimu kwa namna ambayo wengine waliicheka. Utomvu ule wa njano ulimwingia mikononi, sabuni isiutoe, na kila alichokipika kikawa kichungu. Misibani akina mama walimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, wakamwambia kwa adabu, "Wewe mayu, tutekee maji tu, jikoni tupo wengi." Kwetu Usukumani mtu mzima kula peke yake ni adhabu, na yeye alikula peke yake zaidi ya miaka thelathini. Watu walikuja na vidonda vyao, wakashukuru, wakaenda kula kwingine. Naandika haya kwa aibu, maana na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ukaja wakati wa soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walijaa Bariadi, zahanati zikaanza kudai mchango, na ugonjwa wa kukondesha ukaingia majumbani. Mwaka 1994 mfanyabiashara mmoja, Januarius, alifika kwake na katoni za chupa tupu. Alitaka kuuza maji ya shubiri kama dawa ya ugonjwa ule, na Specioza atamke tu kwamba yanaponya. "Mayu, watu watajaa hapa uani," alimwambia. "Hutakula tena peke yako." Tusidhani kwamba mama yule hakushawishika. Lakini akajibu, "Yanaponya ngozi iliyoungua. Ugonjwa huo hayauwezi. Siwezi kusema uongo ili nipate wageni."

Januarius akaondoka na chupa zake, lakini maneno yakabaki, kwamba bibi anayo dawa ila anawanyima watu. Hata walioungua wakaacha kuja. Shemeji yake Novatus, aliyekuwa akimlimia shamba, hakupita tena njia ile. Kwa miaka miwili Specioza alisali rozari yake jioni, na waliomwitikia ni kuku.

Mwaka 1996 akabisha hodi Mayunga, utingo wa lori la pamba, aliyerudi kwao akiwa mgonjwa. Nyumbani sahani yake ilitengwa, akawa anakula nyuma ya nyumba. Na yeye alikuwa amesikia uvumi ule ule. "Mwadila, mayu," alisalimia. "Nimekuja kuchukua dawa."

"Dawa yako sina, mwanangu. Ugali ninao. Karibu."

Wakanawa, wakala sahani moja. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, hadi Machi 1998, Mama Specioza alipofariki na Mayunga akamfumba macho.

Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na sisi hatulitangulii. Lakini kila mwezi wa Machi waamini wa kigango chake husonga ugali na kumwalika yule ambaye watu wanaogopa kula naye. Tumuige hapo, kila mmoja kwa sahani yake. Wapo wanaosimulia muujiza, kwamba ugali ule uligeuka mtamu kinywani mwa Mayunga. Miezi saba baada ya mazishi nilimwuliza mwenyewe, akiwa kitandani, siku chache kabla hajafa.

"Utamu gani, katekista?" alisema. "Ulikuwa mchungu, mchungu kweli. Nilikula, na yeye akala. Tukaumaliza."