Fundi Cherehani na Kitufe

Muuguzi wa macho anamfahamu fundi cherehani huyu: huchekesha foleni nzima, vidole vyake havitulii, na matone ya presha ya macho hatii ng'o. Humwambia, "Jicho lenyewe haliumi, mwanangu."

Leo anapimwa kama presha imeshamla uoni wa pembeni: kapewa kitufe, abonyeze kila anapoona nuru pembeni. Kidevu kwenye mashine, akabonyeza kwa mpigo, kama anayekanyaga cherehani. Fundi mzima ashindwe na kitufe? Muuguzi akaizima mashine kimyakimya. Kidole kikaendelea kubonyeza.

"Nimepasi?"

"Mashine nimeizima kitambo, baba."

Vidole vikatulia. Akageuza kichwa kizima kumtafuta muuguzi, naye alikuwa kasimama ubavuni pake.

"Haya," akasema, "nifundishe kutia hayo matone."