Slaidi za Devotha

Nakumbuka asubuhi moja wakati wa vita vya Kagera, mwanangu, nilipoacha slaidi mbili, vile vioo vya darubini, zikauke huku nikizitazama. Nilikuwa kijana, msaidizi wa maabara hospitalini Biharamulo, na darubini niliiona kama mali yangu.

Ndipo akaletwa Devotha, binti wa kijiji cha Keza kule Ngara, ametoka chuoni. Mimi mkojo wa mgonjwa niliuacha utuame, nikachukua tone la chini, nikalipaka kwenye kioo likauke. Kwa mayai ya kichocho ilitosha. Yeye aliuzungusha kwanza kwa mashine ya mkono, akapaka mashapo yake kwenye kioo chenye ute wa yai la kuku, na papo hapo akakizamisha kwenye spiriti. Alisema seli za saratani ya kibofu zikikauka hunyauka, hazisomeki. Daktari akaanza kumwita yeye kwanza. Mwanangu, nilimwonea wivu. Hata shikamoo yake ilinichoma.

Akaja Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kijiji cha ujamaa huko Bisibo, anakojoa damu. Daktari akaagiza kila mmoja wetu aandae slaidi za mkojo uleule kwa njia yake, zipelekwe Mwanza, mtaalamu aseme ipi bora. Devotha alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupaka zake alipoitwa wodini haraka.

"Kaka, nitilie kwenye spiriti sasa hivi," akaniambia. "Zisikauke."

Nikaitikia. Kisha nikasimama pale pale. Zilipopauka kabisa ndipo nikazitia.

Malori yalikuwa yamekwenda vitani, jibu likachelewa hadi mahindi yakavunwa. Seli zimenyauka zote, waliandika kutoka Mwanza. Hatuoni tofauti ya njia hizi mbili. Daktari akaturudisha kwenye njia yangu ya zamani. Devotha hakubisha, akaendelea kuosha vioo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi siku tatu nzima. Siku ya nne Mzee Masanja akaletwa kwa baiskeli, amekonda, hawezi kusimama. Furaha ikawa shubiri. Nikamweleza Devotha kila kitu.

Akaweka kioo chini. "Ungeninyang'anya kazi, ningekusamehe leo," akasema. "Lakini miezi ya yule mzee tutaitoa wapi?"

Tukaandaa slaidi upya, zikaenda Mwanza pamoja na mgonjwa mwenyewe. Kwenye za Devotha saratani ilionekana wazi. Kwenye zangu hawakuona kitu. Ila saratani ilikuwa imeshatoka nje ya kibofu. Tulimzika Bisibo. Mjane wake akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumhangaikia mumewe.

Njia ya Devotha alinifundisha mwenyewe baadaye, nikaitumia hadi nilipostaafu.

Hasidi hana sababu, nami sikuwa nayo. Binti yule alijua tu nisichokijua. Ukimkuta anayekuzidi, mwanangu, hata akiwa mdogo wako, mwombe akufundishe. Wivu humkosa unayemlenga, ukampata mtu ambaye hata hajui kwamba una kinyongo. Mungu akujalie kufurahia jema la mwenzio, na mikono yako isikawie mgonjwa anapoingojea.