Alasiri Moja Bila Maumivu

Umande haujakauka, na Nyambeki Makori amejikunja katikati ya chai, kikapu mgongoni. Akichuna vichaka vitatu anasimama, anashika kiuno, anauma meno. Maumivu yanamkata mpaka pajani.

Mwezi uliopita mama huyu wa miaka arobaini na mitatu hakuwa hapa. Alikuwa ameketi kitaluni, akipanda miche, kazi nyepesi aliyoililia miaka sita katika shamba hili la upande wa Boito, kaunti ya Bomet. Kilichomtoa huko ni furaha ya alasiri moja.

Ilikuwa hivi. Daktari mgeni katika hospitali ya misheni alimweleza kwamba neva ndogo zinazobeba maumivu ya mgongo zinaweza kuchomwa kwa sindano yenye joto, bila kupasuliwa. Lakini kwanza huzitia ganzi. Maumivu yakitoweka, hata kwa saa chache tu, basi amezipata zenyewe, na mgonjwa atarudi zichomwe.

Yalitoweka.

"Nilisimama wima nikaona mpaka paa ya kiwanda," anasema Nyambeki. "Hiyo miaka yote nilikuwa naona viatu za watu tu."

Kwa raha zake akachukua debe, akateka maji, akalibeba kichwani akiimba. Nyapara wake, Kimutai, akamwona. Usiku ganzi ikaisha, na Nyambeki akalala akilia.

Asubuhi Kimutai, anayemwita kwa jina la mwanawe, hakuuliza hali. "Mama Kepher, mgonjwa habebi debe. Ulikuwa unatucheza. Chukua kikapu."

Nyambeki alimweleza habari ya ganzi. Nyapara akacheka. Alipoomba ruhusa ya kurudi kwa daktari Alhamisi hii, akajibiwa: "Si umepona? Hospitali ya nini?"

Inachemsha damu. Dalili ileile iliyomwonyesha daktari kwamba mama huyu anatibika ndiyo iliyomfanya mwongo shambani. Wanaoamua nani anaumwa hawajawahi kubeba hicho kikapu hata siku moja, wala hakuna aliyejisumbua kumuuliza daktari.

Alhamisi atakwenda, ruhusa iwepo isiwepo. Anajua anaweza kufutwa kazi.

"Wanifute," anasema, akiinua kikapu kwa kuguna. "Nikichomwa nipone, nitabeba ile debe mchana, nipite mbele ya nyumba ya Kimutai. Kesho yake nipite tena. Na kesho kutwa. Aniangalie mpaka achoke."