Mahindi ya Mama Zawadi

Harufu ya petroli hunirudisha Kasulu. Wenzangu wakiziba pua kwenye kituo cha mafuta, mimi navuta kidogo, halafu roho inaniuma.

Mwaka 2013 baba yangu, askari wa zimamoto, alihamishiwa huko kutoka Iringa. Mama alibaki na ualimu wake, kwa hiyo tulikuwa wawili tu katika chumba cha kupanga kando ya barabara ya Kibondo. Nilikuwa na miaka tisa. Watoto wa mtaani walitaniana kwa Kiha, nami nikicheka kwa kubahatisha, mara nyingi nikiwa nimechelewa. Rafiki nilikuwa na mmoja, Zawadi, ambaye mama yake alichoma mahindi mbele ya nyumba yetu. Ndiye aliyenifundisha kuamkia watu, “Mwakeye.” Bila yeye ningeongea na kuku.

Alasiri moja lori la mafuta lilipinduka pale kwenye kona. Petroli ikatiririka mtaroni, na mtaa mzima ukatoka na ndoo na madumu, vicheko tele, utadhani kuna harusi. Nilimshika Zawadi mkono tukapanda juu, upande unakotoka upepo, maana baba alinifundisha hivyo. Gari la zimamoto likafika, baba akiwemo. Wenzake wakaziba mtaro kwa udongo ili mafuta yasifike mtoni, wakalimwagia lori povu jeupe. Baba alipewa kazi ya kufukuza watu.

Mama Zawadi alikuwa akichota, na hatua chache nyuma yake jiko lake la mkaa linawaka. Baba alimwambia mara mbili aondoke.

“Baba Tumaini, munataka mufaidi peke yenu!” alijibu, na watu wakashangilia.

Baba alilifukia jiko kwa koleo la udongo mbichi, mahindi na vyote, kisha akampokonya dumu mbele ya kadamnasi. Nikausikia mkono wa Zawadi ukichomoka kwenye wangu.

Moto haukuwaka. Na kwa kuwa haukuwaka, hakuna aliyeamini kwamba ungewaka. Mtaani wakasema zimamoto wameuza yale mafuta. Asubuhi nilimwamkia Mama Zawadi, akaendelea kufagia. Zawadi akaingia ndani.

Niliona baba ameniharibia maisha. Wiki nzima nilikula nikiwa nimegeukia ukutani, na alipoita, “Tumaini, mwanangu,” nilijifanya sisikii. Alinisogezea dagaa wote wa kwenye sahani, akabaki na ugali mkavu.

“Wacha wanune,” alisema taratibu. Nilidhani ni kiburi.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua petroli na kaa la moto hufanya nini. Baba alijua tangu alipolishika lile koleo. Alirudi kwenye kile chumba jioni baada ya jioni, mgeni asiye na wa kumwitikia salamu, huku mtaa mzima ukiwa hai na umemnunia, nami nikiwemo.